Mazungumzo ya Kikazi Yakae Ubavuni mwa Kazi Yenyewe

Mteja anapoomba programu yake ya kazi iongezewe sehemu ya kuchati, mara nyingi huwa ameshajichorea picha kichwani: orodha ya majina upande wa kushoto, jumbe katikati, kisanduku cha kuandikia chini. Picha hiyo hujengwa haraka na hupendeza siku ya maonyesho. Ushauri wangu, baada ya kubuni sehemu za namna hii katika mifumo ya uhasibu, ya ununuzi na ya kupangia kazi, ni kuiweka kando kwanza hadi swali moja lijibiwe: watu hawa wanazungumza kuhusu nini? Katika programu ya kazi, jibu huwa limo tayari ndani ya hifadhidata. Wanazungumza kuhusu ankara fulani, oda fulani, ombi fulani la likizo. Basi mazungumzo na yakae hapo hapo, kwenye ukurasa wa ankara au oda hiyo.

Tazama jinsi watu wanavyoandikiana kweli kazini. Mtunza stoo anaandika, "Dada, ile ya jana vipi?" Mhasibu anajibu, "Ipi, ya karatasi au ya wino?" Anaambiwa, "Ya karatasi, ile yenye bei mbili." Naye anamaliza, "Hiyo nimeirudisha, mkubwa, haina sahihi." Katika chumba cha jumla, jumbe nne hizi hazimwambii kitu mtu wa tatu, na baada ya miezi michache hazitawaambia kitu hata wenyewe wawili. Zikiandikwa chini ya ankara husika, mbili za katikati hazihitajiki kabisa, na mkaguzi atakayeifungua ankara hiyo mwakani ataona ilirudishwa lini, na nani, na kwa sababu gani, bila kumpigia mtu simu.

Sisemi kwamba chaneli za jumla hazina kazi. Tangu Jarkko Oikarinen alipoandika IRC, mfumo wa awali wa kuchati mtandaoni, nchini Finland mwaka 1988, chaneli za jumla, ambazo baadaye majina yake yalianza na alama ya reli (#), zimethibitika kuwafaa watu wengi wenye jambo moja. Slack, programu ya kuchati kazini iliyotokana na chombo ambacho kampuni ya Tiny Speck ilijitengenezea wakati ikiunda mchezo uitwao Glitch, iliurithi mpangilio huo na kuufikisha maofisini kuanzia mwaka 2014. Lakini Slack haiijui ankara ya mteja wako mpaka mtu aiunganishe nayo. Programu yako inaijua tangu ilipoingizwa, inajua mwenye jukumu nayo na inajua imefikia hatua gani. Huo ndio ubora pekee ulio nao mbele ya programu kubwa zenye mamia ya wahandisi. Ukiuacha, ni afadhali umwambie mteja aendelee kutumia anachokitumia, na fedha zake azielekeze kwingine.

Mazungumzo yakishafungwa kwenye ankara au oda, nusu ya suala la ruhusa inajitatua yenyewe, kwa kuwa anayeruhusiwa kuiona ankara ndiye anayeruhusiwa kuyasoma yaliyoandikwa chini yake. Nusu ya pili ndiyo ngumu: mtu anapomtaja mwenzake ambaye hana ruhusa hiyo. Programu nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili mabaya. Ama humfungulia kimyakimya, ama humtumia arifa yenye maneno yote ya ujumbe halafu humkatalia mlango anapobonyeza. Hilo la pili hatari yake haionekani upesi, kwa sababu kiasi cha mshahara wa mtu kinaweza kusomwa juu ya skrini ya simu iliyofungwa, na msomaji asiwe na haki ya kukiona popote pengine. Mtumaji na aambiwe kabla ya kutuma kwamba aliyemtaja hana ruhusa, kisha apewe njia ya kumwomba mwenye ankara amwongeze. Na arifa yenyewe, kwa kumbukumbu nyeti (yaani ankara, oda au ombi lenye mambo ya siri), iseme tu kwamba umetajwa.

Arifa ndizo zinazoamua kama sehemu hii itapendwa au itazimwa ndani ya wiki ya kwanza. Kanuni ninayoifuata ni kwamba simu ilie pale tu mtu anapotajwa kwa jina au anapokabidhiwa jambo. Majibu kwenye kumbukumbu anayoisimamia yamngoje ndani ya programu kama nambari ndogo. Na mengine yote yakusanywe yasomwe kwa wakati wake. Kitufe cha kuwaita watu wote kwa mara moja kiwepo, ila kabla hakijafanya kazi kimuulize mbonyezaji, kwa idadi kamili, kama kweli anataka kuwashtua watu 240. Swali hilo peke yake huwarudisha nyuma wengi. Vilevile mpe msomaji uwezo wa kuurudisha ujumbe katika hali ya kutosomwa, maana mtu husoma akiwa kwenye lifti, hushindwa kujibu, na alama ikishatoweka jambo nalo limepotea.

Saa za mapumziko zinahitaji uamuzi wa wazi, si mpangilio uliofichwa mahali ambapo hakuna anayefika. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria ya kazi inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana na wawakilishi wao kuhusu haki ya kujitenga na vyombo vya kidijitali baada ya kazi, na nchi nyingine kadhaa zimetunga sheria za mwelekeo huo huo. Hata pasipo sheria, usitegemee mfanyakazi wa chini amnyamazishe meneja wake. Mzigo mwekee mtumaji: anapoandika nje ya saa za mpokeaji, kitufe cha kwanza kiwe cha kuutuma asubuhi, na cha kuutuma sasa kifuate.

Kwa alama za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaukubali. Katika mazungumzo ya marafiki hazina neno. Kazini hugeuka kuwa rejista ya mahudhurio, na watu huanza kuepuka kufungua jumbe ili wasionekane wamezisoma. Panapohitajika uthibitisho, kama vile tangazo la usalama, weka kitufe mahususi ambacho mtu anakibonyeza kwa hiari kukiri kwamba amesoma na ameelewa.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kutenganisha maongezi na idhini. Mkurugenzi akiandika "sawa" chini ya ombi la malipo, mhasibu ataichukua kuwa ruhusa, hasa mwisho wa mwezi. Mkurugenzi naye, akiulizwa baadaye, atasema alimaanisha kwamba ameuona ujumbe. Kidole gumba kilichoinuliwa kina utata uleule. Kwa hiyo hali ya ombi isibadilike kamwe kwa sababu ya maneno au alama ndani ya mazungumzo. Kitufe cha kuidhinisha kikae karibu kabisa na kisanduku cha kuandikia, na kikibonyezwa, tukio hilo lijiandike lenyewe katikati ya mazungumzo, likiwa na jina, saa na kiasi kilichoidhinishwa, kwa mwonekano usiofanana na ujumbe wa kawaida. Kwa sababu hiyohiyo, kuhariri ujumbe kuruhusiwe lakini maandishi ya awali yabaki, na ujumbe uliofutwa uache alama kwamba ulikuwapo. Muda wa kuhifadhi yote haya si uamuzi wa mhandisi. Mwulize mwanasheria wa mteja mapema, kwa kuwa kumbukumbu za fedha na taarifa binafsi za watu mara nyingi hufuata masharti yanayovutana.

Upande wa mitambo sitakawia nao sana, kwa sababu njia zake zinajulikana. WebSocket, njia ya kuacha mawasiliano kati ya programu na seva yakiwa wazi muda wote, ni kiwango rasmi tangu mwaka 2011 na inatosha kupeleka jumbe papo kwa papo, ili mradi uwe na njia mbadala programu inapokuwa imefungwa. Panapokosewa mara kwa mara ni kwenye mtandao dhaifu. Mtu anatuma, mtandao unakatika kabla jibu la seva halijarudi, programu inatuma tena, na mpokeaji anapata maneno yaleyale mara mbili. Dawa yake ni simu yenyewe kuupa kila ujumbe kitambulisho cha pekee kabla haujaondoka, ili seva ikikiona kwa mara ya pili iitambue kuwa ni nakala na kuipuuza. Mpangilio wa jumbe ufuate namba ambayo seva imetoa, wala usifuate saa ya simu, kwani kuna simu ambazo saa zake zimepotoka na jibu hutokea juu ya swali. Ujumbe ulioshindwa kwenda ubaki pale pale kwenye skrini, ukiwa na maneno yake yote na kitufe cha kujaribu tena. Ukimpotezea mtu aya aliyoiandika kwa dakika kumi, harudi.

Jumbe za faraghani kati ya watu wawili utaombwa tu, na sioni sababu ya kuzikataa. Linaloniudhi ni ukimya kuhusu nani mwingine anaweza kuzisoma. Kama msimamizi wa mfumo ana uwezo huo, sentensi moja juu ya dirisha la mazungumzo iseme hivyo kwa lugha nyepesi, na kila anapoutumia, iandikwe mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufuta.

Unapoizindua sehemu hii ya kuchati, anza na idara moja na aina moja tu ya kumbukumbu, kwa mfano maombi ya ununuzi, kabla ya kuifungua kote. Hesabu ya jumbe kwa siku haikuambii mengi, kwa sababu watu wakipewa kisanduku kipya hukijaribu. Ninachokitazama ni picha za skrini: kama wahusika bado wanapiga picha ya ombi na kulijadili kwenye simu zao binafsi, nakaa nao niwaulize ni kipi hawakukipata ndani ya programu. Jibu huwa dogo kuliko nilivyotarajia; mara nyingi ni kwamba wanatakiwa kuingiza nywila upya kila wanapotaka kujibu, au kwamba picha ya risiti iliyopigwa kwa simu inakataliwa kwa kuwa ni kubwa mno. Hayo hurekebishwa kwanza, kabla ya idara ya pili.