Kabla hujanunua nafasi ya tangazo gazetini

Wateja wangu wengi ni wenye maduka na vyuo vidogo hapa Dar es Salaam, na swali lao ni lile lile: tangazo la gazetini bado linalipa? Inategemea unauza nini. Kama ni nafasi za chuo, viwanja au mashine za kusaga, weka. Kama ni chipsi au viatu vya mtumba, hela yako iache mfukoni.

Gazeti linabebwa na kuaminika. Mzazi akiona chuo kimetangazwa kwenye Mwananchi au HabariLeo, anaamini kuna ofisi ya kufuata. Ukurasa wa Instagram hata tapeli anaufungua. Halafu nakala moja husomwa na wengi: inaanzia mapokezi, inashuka kwa mlinzi, jioni iko saluni.

Bei sasa. Nafasi huuzwa kwa sentimita za safu. Tangazo la safu 3 lenye urefu wa sentimita 20 ni sentimita 60. Zidisha kwa bei ya sentimita moja, kisha ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo mara nyingi utaisikia ankara ikishafika. Rangi ina bei yake, na ukurasa wa mbele ndio usiseme. Punguzo hupata anayenunua matoleo kadhaa kwa mkupuo, na ni heri ununue hivyo, maana toleo moja kesho yake linafungia maandazi.

Tatizo kubwa ni pale kwenye meza ya magazeti. Watu husimama, wakasoma vichwa vya habari, wakaenda zao. Wengine husomewa redioni asubuhi. Wote hao tangazo lako la ukurasa wa 14 hawalioni.

Karatasi ya gazeti nayo hunyonya wino. Mteja mmoja aling'ang'ania maandishi madogo meupe juu ya weusi. Lilipotoka, 8 na 3 kwenye namba ya simu hazikutofautishika. Namba iwe nyeusi, kubwa, juu ya nyeupe. Tena iwe laini mpya isiyotumika kwingine, ili kila simu inayoingia ujue imetoka gazetini.

Omba ukurasa wa kulia, na ulizia jirani yako ni nani. Niliwahi kuona tangazo la ukumbi wa harusi limebanwa katikati ya tanzia mbili.