Gari la mtu binafsi: anza na kadi, injini baadaye

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Kinyerezi na natafuta gari dogo la kunipeleka kazini Posta. Nimepata Toyota IST namba D kwa mtu wa Mbezi, si yadi wala dalali, anataka milioni 8 na nusu. Anasema gari ni lake ila kadi ya usajili ina jina la kaka yake. Fundi wetu wa mtaani aliisikiliza injini akasema haina tatizo. Sasa muuzaji anaomba kishika uchumba laki tano, eti wateja ni wengi. Kununua kwa mtu binafsi namna hii kuna hatari gani, na nikague nini kabla sijatoa hela?

JIBU: Dada yangu, hiyo laki tano usiitume bado. Sisemi huyo muuzaji ni tapeli. Huenda ni mtu mwema kabisa mwenye shida ya hela. Lakini kwa maelezo yako, mtu unayezungumza naye si mwenye gari mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA), na hilo peke yake linatosha kusimamisha kila kitu mpaka huyo kaka apatikane.

Kazi yangu ni kukagua magari kabla hayajanunuliwa, na wengi huniita nije kusikiliza injini tu. Injini nitaisikiliza. Ila injini mbovu ina bei yake: unapiga hesabu ya matengenezo, unaikata kwenye bei, mnaelewana. Gari ambalo haliwezi kuhamia jina lako halina hesabu ya namna hiyo. Unaweza kulipa hela yote taslimu, ukaliendesha mwaka mzima, na bado likahesabika ni mali ya mtu mwingine.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imesimama juu ya msingi kwamba mtu hawezi kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana. Na lile sharti la bidhaa kuwa na ubora unaofaa linamhusu muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mwenye yadi linambana. Mtu aliyeuza gari lake moja la nyumbani, gia boksi ikifa wiki ya pili, huna pa kumshikia mpaka uthibitishe kwamba alikudanganya au alikuahidi kitu, hasa kwa maandishi. Ukienda kituoni utaambiwa hayo ni madai, nenda mahakamani. Bei ya mtu binafsi huwa nafuu, na sehemu ya unafuu huo ni huu mzigo unaoubeba wewe.

Sasa turudi kwa kaka mtu. Omba kuiona kadi yenyewe, si picha ya WhatsApp. Omba kitambulisho cha NIDA cha mwenye jina na ulinganishe herufi kwa herufi. Kama yuko Dar, aje asaini mkataba wa mauziano mwenyewe. Kama yuko mkoani au nje ya nchi, aandike hati ya uwakilishi mbele ya wakili ikimtaja mdogo wake na gari lenyewe kwa namba zake, kisha mpigie umwone kwa video. Na kama kaka alishafariki, jambo ambalo wakati mwingine husemwa dakika ya mwisho, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mdogo mtu, mjane au mtoto mkubwa hawezi kuuza kwa sababu tu ndiye aliyebaki na funguo. Nimeona familia zikigawanyika na mnunuzi akiwa katikati, gari limefungiwa kituoni wakati ndugu wanabishana.

Ipo hali nyingine inayofanana na yako: jina kwenye kadi ni la mtu aliyeuza zamani, gari likapita mikono miwili mitatu bila mtu kubadilisha jina kwa kukwepa gharama. Hapo dai mikataba yote ya nyuma, na bado utamhitaji yule wa kwanza kwenye kuhamisha umiliki. Asipopatikana, achana nalo.

Hatari ninayoiogopa zaidi kwa sasa ni mikopo. Mtu anaweka kadi halisi kwa mkopeshaji, anachukua hela, kisha anatoa taarifa polisi kwamba kadi imepotea na kuomba nyingine. Wewe unaonyeshwa kadi ambayo si ya kugushi, imetoka TRA kweli, kumbe deni liko palepale. Mkopeshaji huwa ameficha kifaa cha kulifuatilia gari, mara nyingi ndani ya dashibodi, na siku marejesho yakikatika gari linabebwa usiku kwako. Kwa hiyo kadi ikionekana ya juzi wakati muuzaji anadai gari analo miaka mingi, uliza kwa nini, na umwombe fundi umeme wa magari atafute nyaya zilizoungwa ambazo si za kiwandani. Kama kwenye kadi kuna jina la benki, hakuna mauzo bila barua ya benki kwamba deni limekwisha.

Halafu kuna magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na umiliki hauhami mpaka ilipwe. Gari la namba za Zanzibar nalo likihamia Bara lina tofauti ya kodi ya kulipia. Lako ni namba D, kwa hiyo la Zanzibar halikuhusu, ila la msamaha liulizie TRA ukiwa na namba ya gari na ya chesesi.

Madeni madogo yako wazi kwenye simu yako. Kwa namba ya gari utaona faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, ambako kosa moja kwa kawaida ni shilingi 30,000, pia deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), na kama bima ipo kweli kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima). Madeni haya yanafuata namba ya gari, na gari linalozunguka Posta na Kariakoo kila siku linaweza kuwa nayo mengi kuliko mwenyewe anavyojua. Mwambie ayafute kabla, au myakate kwenye bei.

Nije kwenye gari lenyewe. Usidanganyike na herufi ya namba. Namba D inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haisemi lilitengenezwa lini. IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hata ukiikuta na namba E bado ni gari la karibu miaka 20 au zaidi.

Fungua boneti. Kwenye IST hiyo namba ya chesesi imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na ndani ya gari. Itaanza na NCP60, NCP61 au NCP65, kisha kistari na tarakimu. NCP60 ni injini ya 1300. Hizo mbili nyingine ni 1500, na NCP65 inavuta matairi yote manne. Muuzaji akikwambia cc 1500 halafu ukasoma NCP60, ama hajui gari lake ama anakupima. Pitisha kidole juu ya tarakimu. Zilizogongwa kiwandani zina kina kimoja na zimekaa kwenye mstari. Ukigusa mikwaruzo ya jiwe la kusagia, alama ya kuchomelea, au rangi mpya mahali hapo tu, funga boneti uage. Ukipatikana na gari la wizi, maswali ya kwanza utaulizwa wewe. Zikiwa safi, zilinganishe na kadi, pamoja na namba ya injini na rangi.

Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, washa swichi bila kupiga stata, utazame taa za dashibodi. Ya injini na ya airbag (mfuko wa hewa wa kukinga kwenye ajali) lazima ziwake. Ukipiga stata, ya injini inazima, ya airbag inazima baada ya sekunde chache. Taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko isiyozima, maana huenda kuna mtu ameing'oa au ameiziba ili usijue. Airbag zikishafumuka kwenye ajali ni ghali kurudisha, na wapo wanaofunika nafasi yake kwa kava tupu. Hapo ni maisha yako na ya unaowabeba, wala usikubali kuambiwa "hiyo waya tu".

Kwa Dar nasisitiza mafuriko. Magari yaliyowahi kulala majini Jangwani, Mkwajuni na kwingine bondeni huoshwa, hupuliziwa marashi, na kuuzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: kipande ambacho huwa kimejikunja ndani hakioshwi na mtu, na mstari wa tope utauona hapo. Inua zulia chini ya kiti, angalia reli za kiti kama zina kutu, na shimo la tairi la akiba kwenye buti. Gari lililozama leo linawaka. Mwezi wa nne tangu lizame ndipo nyaya zinapoanza kuoza na taa kuwaka zenyewe.

Fundi wako aliisikiliza injini ikiwa moto au baridi? Nenda asubuhi bila kutoa taarifa mapema na ushike boneti, uone kama ni baridi, kabla gari halijawashwa. Injini iliyokwisha pashwa moto inaficha milio mingi na moshi wa kwanza. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokatika ni maji yanaingia kwenye silinda. Oili ya gia boksi ina kijiti chake, iwe na wekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, toa hesabu ya gia boksi nzima. Weka R (gia ya kurudi nyuma) ukiwa umekanyaga breki: ikichelewa au ikipiga teke, gia boksi inachoka. Halafu liendeshe kwenye foleni ya Buguruni na AC ikiwa imewashwa, si kuzunguka mtaa mmoja tu. Kilomita za dashibodi usizitegemee, zinarudishwa. Tazama mpira wa pedali ya breki na usukani vimelika kiasi gani, na kama alitunza nakala ya cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, linganisha kilomita zilizoandikwa humo.

Kishika uchumba, ukilazimika, kipokelewe na mwenye jina kwenye kadi, kwa risiti inayosema hela inarudi kama kadi au ukaguzi una kasoro. Hela kubwa iende benki kwenye akaunti yenye jina hilohilo, siku ambayo mkataba umesainiwa kwa wakili na maombi ya kuhamisha umiliki yameingia TRA, wote wawili mkiwa na TIN (namba ya mlipakodi). Mkubaliane mapema nani analipia uhamisho na ushuru wa stempu. Anayekwambia "utabadilisha jina taratibu" mkatalie kwa adabu.

Na bima iliyomo kwenye gari ni mkataba wa mwenye zamani. Kabla hujaliondoa Mbezi, kata bima yako, japo ile ndogo ya mtu wa tatu. Ndiyo inayomlipa mtu utakayemgonga njiani kurudi Kinyerezi.