Kabla ya Mafuta, Geuzeni Soksi

Swali lenu la wiki hii, "Nywele zilipokutoka baada ya kujifungua, ulitumia nini?", nimelisoma nikiwa barazani kwetu Shela, kisiwani Lamu, mwanangu akinivuta ncha ya mtandio. Nilitaka kulijibu kwa mstari mmoja: sikutumia kitu, ziliacha zenyewe. Nikaona mstari huo una uongo ndani yake, nitaufikia. Na tena swali lenyewe mmelianzia mwisho. Kabla ya kuniuliza nilitumia nini, niulizeni nani aliniambia kwamba zitatoka. Hakuna.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu mjini, nimeolewa Shela. Arobaini yangu ililelewa na wanawake wanne. Nilikandwa, nikafungwa mkaja, nikanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka jasho likanitoka masikioni. Niliambiwa nisikanyage sakafu baridi, nisinywe maji ya barafu, nisikae penye upepo. Niliambiwa hata kitovu cha mtoto kikianguka kiwekwe wapi. Wote wanne wamezaa, mmoja wao mara 9. Hakuna hata mmoja aliyesema: mwanangu, mwezi wa nne utapitisha mkono kichwani na mkono utarudi umejaa nywele.

Sasa nitawaeleza usiku mmoja, na mniwie radhi nikiurefusha.

Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umekaza. Mtoto ana miezi minne na siku kidogo. Nywele zilikuwa zimeanza kunitoka kama wiki mbili nyuma, na nilikuwa nimeshazoea kuzificha: za kwenye mto naziokota kabla mume hajaamka, za kwenye chanuo nazikunja ndani ya karatasi, maana bibi yangu alitulea na ile habari kwamba ndege akizijengea kiota kichwa hakitaacha kukuuma. Tundu la maji la bafuni lilikuwa limeziba mara mbili. Nikisingizia majani ya mwarobaini.

Kwa ajili ya baridi, wifi yangu alikuwa ameleta soksi kutoka Mombasa, za manjano, zina bata pembeni. Nilizifua pamoja na kanga zangu, nikazianika darini, na baada ya Alasiri nikamvisha mtoto.

Baada ya Maghribi akaanza kulia. Kilio cha njaa nakijua, cha usingizi nakijua, hiki sikukijua. Nikampa ziwa, akalishika, akaliacha, akapiga ukelele. Mavyaa, mama mkwe wangu, akasema ni mchango wa tumbo. Akamsugua tumbo kwa mafuta ya uvuguvugu, akamfunga mvuje. Mtoto analia. Isha ikapita. Mavyaa akakumbuka kwamba mchana tulikuwa kwenye hitima na wanawake walimpokezana mikononi, huyu anamsifu mashavu, yule anamsifu macho. "Ni ito hili," akasema kwa Kiamu chake, yaani jicho la watu, kisha akatia ubani kwenye chetezo na kumzingua, anasoma na kumpulizia utosini. Mimi nimekaa pembeni nimeshika kwamba kosa ni la maziwa yangu. Mchana nilikuwa nimekula achari ya embe, na hiyo achari niliilaani usiku kucha.

Jambo moja nililiona lakini sikulielewa. Tukimpakata alilia zaidi. Tukimlaza chali, mguu wa kushoto juu, alipungua. Tuliona, tukampakata tena.

Saa tano usiku baba yake akasema basi, twende hospitali. Wanaojua Shela wanajua: hakuna gari, na maji yakijaa njia ya pwani ya kwenda mjini inamezwa. Usiku ule maji yalikuwa yamejaa hadi ukutani. Tukamwamsha mjomba mwenye boti. Kusi likatupiga ubavuni njia nzima, sote tukarowa, na ni kurowa huko kulikotuokoa. Mavyaa alishika mguu wa mtoto, akaona soksi imelowa, akaivua. Baba yake akamulika kwa simu. Kidole cha pili kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa kama kunazi lililoiva, na chini yake pamejikata mfereji kama pale uzi unapofungwa kwenye ncha ya kitumba. Mavyaa akasema mdudu. Mimi sikusema neno, sauti ilikuwa imeniishia.

Nesi wa zamu hakuuliza habari ya mchango wala ya jicho. Alileta taa, akainamisha uso mpaka pua yake ikakaribia kukigusa kidole, akasema: "Unywele."

Ulikuwa umejizungusha mara tatu na kuzama ndani ya ngozi, hata yeye akaupata kwa shida. Alitumia kikoleo chembamba na ncha ya wembe wa hospitali, mtoto ameshikwa na watu wawili, na kila mzunguko aliokata alisimama kuhakikisha hakuna uliobaki. Akaunyanyua kwenye taa. Mrefu, mweusi.

"Huu wa nani?"

Wote wakanitazama kichwani.

Kidole kilirudi rangi yake kabla ya alfajiri, alhamdulillahi. Nesi alituambia unywele unaweza kukaba damu kama kamba, na kidole kikikosa damu kwa muda mrefu kinaweza kufa. Hutokea kwenye vidole vya mguu, vya mkono, hata kwenye uume wa mtoto wa kiume, na hutokea zaidi miezi hii kwa sababu mama ndiye anayepukutika. Unywele uliingia kwenye soksi wakati wa kufua. Akauliza mtoto ana miezi mingapi. Minne. "Basi ndio wakati wake," akasema, kama mtu anayesema embe zimeanza.

Tukiwa kwenye benchi tukingoja kupambazuke, mavyaa akasema polepole, "Mimi zilinitoka kwa kila mtoto."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefanyaje?"

Nilikasirika kwa swali lile miezi mizima. Nilianza barua hii nikiwa bado nimekasirika.

Alichonieleza nesi, na nilichokuja kukisoma baadaye, ni rahisi kiasi cha kutia uchungu. Kichwani, siku za kawaida, nywele kama 9 katika kila 10 ziko kwenye kukua na zilizobaki zimepumzika zikingoja kutoka. Unywele hukua miaka kadhaa, hupumzika miezi kama mitatu, hutoka, na mwingine humea pale pale. Ndiyo maana mtu mzima kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Ukiwa na mimba homoni ya estrojeni hupanda, na zile ambazo zingekwisha kwenda zake zinabaki. Ndio ule wingi wa nywele tunaosifiwa nao, "mimba imekukubali". Ukijifungua homoni hushuka ghafla, na nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja. Hesabu miezi mitatu au minne, ndipo zinapotoka. Unywele ulionao leo kwenye chanuo uliaga siku zile za uzazi.

Kwa hiyo mafuta. Ule uongo wangu ndio huu: nilitumia. Nazi nilipaka, habasoda nilipaka, uwatu niliuroweka usiku na kujipaka asubuhi mpaka nikanuka mchuzi. Nilinunua na kichupa kimoja kwa shilingi 1,500, mwenye kuuza akiniapia kwamba wiki sita tu. Na kweli, kama wiki ya sita zikapungua. Lakini zilikuwa zipungue! Nilianza kupaka mwezi wa tano, mpukutiko ukiwa kileleni, na kwa wengi wetu baada ya hapo ni kushuka. Mtoto akikaribia mwaka mmoja kichwa kinakuwa kimerudi au karibu. Kichupa kilipata sifa ya bure. Nazi ina faida ya kulainisha na kupunguza kukatika, sikatai, lakini unywele uliokwisha kuachia mzizi haurudishwi na mafuta.

Kusuka kwa kukaza nako kuacheni. Wengi wetu tukiona panda za uso zimekuwa wazi tunakimbilia rasta au nywele za kuunga ili tufiche, na hizo zinavuta palepale palipo dhaifu. Kutoka kwa uzazi kunapita, lakini kunyofolewa na misuko kukirudiwa miaka kunaweza kuacha upara usiorudi. Na msinihubirie kwamba buibui linasitiri. Nimeambiwa hivyo, na aliyeniambia hanilali ubavuni wala hanisuki.

Kuna mahali ambapo kungoja si sawa, na hapa sina mzaha. Ukiona kipande cha duara kimebaki kitupu, au ngozi ya kichwa inawasha na kutoka magamba, au mwaka umepita na bado zinatoka kama mwanzo, nenda upimwe. Ukichoka kupita kiasi, moyo ukienda mbio, ukikonda au ukinenepa bila sababu, waambie waangalie tezi ya shingoni, kwa maana kuna wanawake ambao tezi hiyo huvurugika baada ya kuzaa. Na damu. Mimi nilipopimwa ilikuwa chini. Vile vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki wakati wa mimba nilivinywa nusu, vingine vikabaki kabatini kwa sababu vilinifunga choo, na hata vile nilivyovinywa nilivishushia kwa chai ya rangi, ambayo huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Hilo nalo hakuna aliyeniambia, au niliambiwa na sikusikia. Naanza kushuku kwamba mengi niliambiwa na sikusikia. Dawa za kuotesha nywele zinazouzwa madukani, kama unanyonyesha, usipake kabla ya kumuuliza daktari.

Za kwangu zilirudi. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi, basi hesabuni wenyewe: miezi mitatu nzima nilikuwa na vijinywele vimesimama juu ya panda za uso kama manyoya ya kifaranga, havilali kwa mafuta wala kwa maji.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza kwa kuwagombeza wakubwa wetu. Waambieni mapema wanawake wanaojifungua, semeni wazi, arobaini si ya uji tu. Bado nasema hivyo. Ila wifi yangu, yule wa soksi za bata, sasa ana mimba ya miezi saba. Yuko kwetu tangu Jumamosi. Nywele zimemjaa kichwani, nyeusi, nzito, na kila mgeni anayeingia anazishika. Juzi alikaa kwenye jamvi kati ya magoti yangu nimsuke, anajitazama kwenye kioo kidogo cha mkononi, anacheka, ananiuliza, "Wifi, waona zilivyojaa?" Nimemwambia naona. Mara tatu nimefungua kinywa, na mara tatu nikamsikia mavyaa kwenye benchi lile: ungefanyaje? Nimemsuka mikia miwili iliyolegea, nikanyamaza. Nadhani nitamwambia mtoto akifika mwezi wa pili. Au wa tatu. Labda ndivyo walivyokuwa wakipanga nao, mwezi ukawapita.

La soksi nimemwambia. Nimemletea moja, nikaigeuza ndani nje mbele yake, nikamwonyesha namna ya kupitisha kidole kwenye mshono wote kabla ya kumvisha mtoto. Ameniuliza natafuta nini. Nikamwambia nyuzi.