Dawa ya wadudu inayobaki kwenye bomba la kupulizia usiimwage kijitoni

Ndugu, umesema kila ukipulizia ekari yako ya nyanya inabaki dawa kama lita 5, unaimwaga karibu na kijito. Hapo unaua samaki, na watu wanaoishi kijito kinakoelekea wanakunywa maji hayo. Mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipopima bomba. Tia maji matupu, pulizia mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika kiasi gani. Zidisha mara 40: hiyo ndiyo ekari, changanya hiyo tu. Nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa) iliyolika ibadilishe, inakula dawa kuliko unavyodhani. Pulizia jioni upepo ukitulia, nyuki wameshalala. Chupa tupu suuza mara 3, maji yake yarudi bombani, kisha itoboe. Ukipata kizunguzungu, kimbia zahanati na lebo ya dawa mkononi.