Anaenda bweni na katheta, matroni anataka pampasi

SWALI: Habari nesi. Binti yangu ana miaka 9, alizaliwa na mgongo wazi na kichwani amewekewa shanti, ule mrija wa kupunguza maji kichwani. Mkojo tunamtoa kwa katheta, ule mpira mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu, kila baada ya masaa manne. Januari anaingia bweni darasa la nne, ila matroni anasema mambo ya mipira hawayawezi, nimfungashie pampasi za kutosha. Nifanyeje?

JIBU: Pole mama, na hongera, kumfikisha la nne na ratiba hiyo sio mchezo. Ila pampasi hapana. Pampasi inadaka kinachovuja tu, mkojo uliobaki kwenye kibofu haiutoi, na kibofu kikijaa presha inapanda mpaka kwenye figo na zinaharibika kimyakimya mtoto akiwa anacheza tu.

Mimi ni nesi wa shule na kwa umri wake kazi yetu kubwa wala sio kumwekea katheta. Likizo hii mfundishe ajiwekee mwenyewe, wengi wanaweza hata wakiwa na miaka 6 au 7, mpe kioo kidogo aone anapoingiza, akishazoea ataenda kwa kugusa tu. Ya kwetu ni kulinda muda na mlango. Nilikuwa na mwanafunzi ratiba yake saa 12 asubuhi, saa 4 wakati wa chai, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 3 kabla ya kulala, ikawa ya saa 4 anairuka kila siku, nikadhani uvivu kumbe choo hakina komeo na wenzake wanamchungulia! Fundi akafunga komeo, basi, ikaisha. Kwahiyo mwambie matroni unachoomba ni choo kinachofungika, maji, sabuni na mtu wa kumkumbusha saa, hayo anayaweza. Na wasimnyime maji ya kunywa eti asilowe, na yeye mwenyewe asijinyime, wanapenda sana hiyo.

Halafu hili liandike kwenye karatasi abandike ofisini: akilalamika kichwa, akatapika, akawa anasinziasinzia, wasimpe panadol na mseto wakamlaza wakisema malaria, shanti inaweza kuwa imeziba, ni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Kwenye UTI pia wasiwe na haraka, anayetumia katheta akipimwa mkojo bakteria mara nyingi wataonekana hata kama haumwi, antibayotiki ni pale kuna homa, maumivu au ameanza kuvuja kuliko kawaida yake, sio kila kipimo dozi.

Miguu kama haina hisia, maji ya kuoga yapimwe kwanza kwa mkono na jioni mtu aangalie nyayo na makalio kama kuna wekundu au kidonda. Glovu na katheta zisiwe za latex, yaani mpira wa asili, watoto wa mgongo wazi wengi wana aleji nayo, hata maputo ya mahafali wasimpe.

Kama katheta mnarudia kutumia, osheni kwa sabuni, suuza, ining'inie ikauke kabisa ndo irudi kwenye kopo, ikikakamaa au kupasuka tupa. Na tafuta zile fupi za kike, zinaenea kwenye kipochi cha penseli, atatoka nacho darasani na hakuna atakayejua.