Nimepanda basi la mizimu London: je, sala zangu hazikubaliwi?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh wetu. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Makunduchi, Unguja, na huu ni mwaka wa saba naishi London. Wenzangu wa kazini walinunua tikiti za kutembezwa mjini usiku kwa basi la ghorofa lililopakwa rangi nyeusi. Konda wake ni mwigizaji. Anasimulia habari za watu walionyongwa na kukatwa vichwa katika mji huu. Mara taa zizimike, mara mtu apige ukelele, kisha atie mzaha mpaka mbavu ziume. Karibu na mwisho alitutaka tushikane mikono tumwite maiti aje aseme nasi. Nilimshika mkono jirani yangu huku nacheka. Mume wangu aliposikia akasema huo ni ushirikina, na sala zangu hazikubaliwi siku 40. Isitoshe, nilikwenda na binti yangu wa miaka 9. Tangu siku ile haendi chooni peke yake usiku, na juzi ameniuliza: "Mama, na bibi naye anaweza kutokea?" Bibi yake, mama yangu mzazi, alifariki mwaka jana. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Alhamdulillah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na amtilie nuru kaburini mwake.

Nianze na hizo siku 40, maana naona ndizo zilizokukosesha raha. Hadithi aliyoikusudia mumeo ipo, ameipokea Imam Muslim, nayo inamhusu mtu anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo. Wewe hukumwendea mpiga ramli. Umemwendea mwigizaji aliyevaa kofia ya konda, ambaye hajidai kujua ghaibu, na kila aliyemo ndani ya basi anajua kuwa zikishawaka taa atavua kofia aende kwake akalale. Kumwita huyu mpiga ramli ni kumpa cheo asichokiomba. Mumeo ana ghera ya dini, na hiyo ni neema katika nyumba, ila mwambie kwa upole, tena wakati wa chai si wakati wa ugomvi, kwamba neno shirki ni zito na halirushwi hivi hivi. Na hata huyo ambaye hadithi inamgusa, Imam Nawawi ameeleza kuwa anachokosa ni thawabu za sala zake. Wajibu wa kusali uko pale pale. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuona watu wakisikia "siku 40" wakakunja msala. Wako usiukunje.

Lakini hilo la kushikana mikono kumwita maiti, hapo sikutetei. Hukuamini, kwa hiyo hukutoka katika Uislamu. Ila umeiga, japo kwa kicheko, jambo ambalo wapo wanaolifanya kwa dhati na kulitumia kula pesa za wafiwa. Ulipaswa kuuachia ule mkono na kusema "hapa mimi simo". Wangekucheka dakika moja, basi. Omba maghfira, na jambo liishie hapo.

Ama kicheko chenyewe hakina kosa. Mtume (s.a.w.) alitania. Alimwambia bibi kizee kwamba vikongwe hawaingii Peponi, na yule bibi alipohuzunika akaambiwa kuwa ataingia akiwa amerudishiwa ujana. Alitania, lakini hakusema ila kweli. Wapo wanavyuoni wanaokataza maigizo yote kwa hoja kwamba ni uongo wa kuchekeshea watu, na uongo huo umekemewa. Mimi naona uongo ni kumhadaa mtu, na aliyekata tikiti ya mchezo hakuhadaiwa. Anayetaka kujiepusha ajiepushe, ana wake wa kuwafuata.

Kinachonikera katika mabasi haya ni kitu kingine, nacho ni wale maiti wenyewe. Mji wa London haukuhitaji kubuni wafu. Karibu na Marble Arch palikuwa na mti wa kunyongea wa Tyburn, na watu walinyongwa huko mpaka 1783. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa nje ya jumba la Banqueting House mwezi Januari 1649. Na kwenye ile ngome ya Tower aliuawa Anne Boleyn, mke wa mfalme, mwaka 1536, akaacha binti ambaye hajafikisha hata miaka mitatu. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Wewe ni mama, na ulikaa na binti yako ubavuni. Hebu fikiri kidogo: mwanamke yule anafanyiwa kichekesho, kichwa kwapani, na abiria wanacheka. Si Muislamu, ndiyo. Lakini lilipopita jeneza la Myahudi Mtume (s.a.w.) alisimama, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi akauliza: kwani huyo si nafsi? Basi cheka na konda na vituko vyake. Linapofika zamu ya maiti kudhihakiwa, tazama dirishani.

Sasa binti yako, na hili ndilo kubwa kuliko yote uliyoniuliza, ingawa umelitaja mwisho.

Safarini, mtu mmoja alilala, mwenzake akaichukua kamba yake, na yule aliyelala akashtuka. Ilikuwa utani. Mtume (s.a.w.) akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Mtu mzima anayelipa ili atishwe amejitakia. Mtoto wa miaka 9 hakulipa, na kwake taa zilipozima hapakuwa na mchezo. Sisi wa Visiwani tusiipuuze khofu ya namna hii. Mwaka 1995 watu wazima, wenye ndevu, walilala nje kwa makundi Pemba na Unguja wakimkimbia popobawa, zimwi linalosemwa kuvamia watu usiku, na mjini mgonjwa wa akili akauawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Aliyemuua masikini yule ni khofu.

Usimwambie "acha ujinga". Na usimwambie hakuna chochote, kwani majini wapo na Qur'ani imewataja. Akija kuisoma mwenyewe atajua ulimficha. Mwambie hivi: waliokufa wako barzakh, yaani hali ya baada ya kifo kabla ya kufufuliwa, na Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul Mu'minun, aya ya 100, kuwa nyuma yao kuna kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Maiti hazururi na mabasi. Mtume (s.a.w.) pia alisema hakuna ghuli, yaani yale mazimwi ambayo Waarabu walidai yanajigeuza sura na kuwapoteza wasafiri jangwani. Kisha usiku, kabla hajalala, mkae kitandani pamoja, mkusanye viganja, msome Qul-huwallahu, Falaq na Nas, mpulize, mpanguse kichwa, uso na mwili, mara tatu. Mwache asome yeye. Ukimsomea wewe kila siku atadhani kinga iko kwako, na siku umelala kazini ataogopa tena.

Na kuhusu bibi yake: hatokei. Njia iliyobaki inatoka kwa binti yako kwenda kwa bibi. Mtu akifa amali zake hukatika ila kwa mambo matatu, na moja ni mtoto mwema anayemuombea. Wewe ndiye mtoto huyo, na yeye aitikie amina. Mfundishe dua moja fupi ya bibi, kwa Kiswahili tu ikibidi.

Halafu, siku ya mapumziko, mpeleke Brookwood. Mabasi ya vitisho hupenda kujipa historia ya kubeba maiti, na asili ya habari hiyo iko hapo. Baada ya kipindupindu cha 1848 na 1849 makaburi ya London yalijaa, na kuanzia 1854 kulikuwa na treni maalumu iliyochukua majeneza kutoka Waterloo hadi makaburi ya Brookwood, huko Surrey. Wafiwa walikata tikiti ya kwenda na kurudi. Jeneza lilikatiwa ya kwenda tu. Kituo chake kilipigwa mabomu mwaka 1941 na safari zikakoma. Lakini treni za kawaida za Waterloo zinasimama Brookwood mpaka leo, na humo kuna makaburi ya Waislamu tangu karne ya 19. Wamelala Marmaduke Pickthall, aliyefariki 1936, na Abdullah Yusuf Ali, aliyefariki 1953. Wote wawili waliifasiri Qur'ani kwa Kiingereza, na huenda msahafu wa shuleni kwa binti yako una tafsiri ya mmoja wao.

Nendeni mchana, jua likiwepo. Mkifika langoni mwambie awatolee salamu wenyeji, kwa sauti: assalamu alaykum, enyi watu wa makaazi haya.