Bastola kwa dashibodi, safari ya Malindi hadi Lamu

Kaka umeuliza kama bastola yako ya leseni uiweke kwa dashibodi ukipita Minjila na Witu, kwa vile barabara hiyo ya Lamu inaogopewa mashambulizi. Mi naona hapana, kwanza dashibodi gari ikitingishika mkono haufiki, na ukishuka Mokowe kupanda boti utaiacha na nani? Silaha yenye leseni inakaa mwilini ama kwa sefu, ikipotea utajieleza mbele ya bodi ya leseni na polisi mpaka uchoke.

Halafu watu wanadhani mlango wa gari ni ngome, wee, hilo ni bati tu, risasi ya bunduki inapita kama kisu kwa papai. Kinachozuia kidogo ni injini na rimu za magurudumu, so ukilazimika kushuka jibanze upande huo wa mbele, sio nyuma ya mlango kama kwa sinema. Na ukifyatua ukiwa ndani kioo cha mbele kinapotosha risasi, masikio nayo yanaziba hapo hapo.

Tena wale al-Shabaab walioshambulia basi Nyongoro, barabara hiyo hiyo, Januari 2020 walikuwa na bunduki, bastola yako itafanya nini? Silaha yako ni mguu wa mafuta. Ukisimama acha nafasi uone matairi ya gari la mbele yakigusa lami, upate pa kukatia kona uondoke. Na kama kuna eskoti ya polisi isubiri hata kama inachelewa, mimi hungoja nikinywa kahawa.